Kitufe cha Vyote

Nilivyofika Marejeo sitasimulia. Njia ilikuwa ndefu, chakula kilikuwa kibaya na miguu iliniuma. Anayetaka zaidi ya hapo aende mwenyewe. Mimi ni mkaguzi wa mizani, kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita, na wanaonijua wanajua kwamba sipendi kutia chumvi. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine laiti nisingeyaona.

Marejeo hakuna anayejenga kwa mikono. Kila fundi ana meza yake nyumbani, na juu ya meza hiyo huandika: ukuta ukae hapa, maji yapite pale, mlango ufungukie ndani. Akishaandika na kutia muhuri, kitu huwa. Meza zenyewe zimekamilika, sina la kuzikosoa. Kila moja ina kalamu, ina kamusi inayokusahihisha kabla hujamaliza kukosea, na upande wa kushoto ina vitufe vyenye vipicha vidogo vidogo, visivyo na neno hata moja. Nilipanga chumba kwa Bi Mize, fundi wa maji wa mtaa wa chini, mwanamke mcheshi asiyeweza kukaa kimya hata akimnyonyesha mtoto. Nikamuuliza vile vitufe vina maana gani.

"Hiki na hiki navijua," akasema, akinionyesha viwili kati ya kumi na tisa. "Vingine nimevikuta."

"Na ukikosea ukabonyeza usichokijua?"

"Tutarudisha."

Neno hilo nililisikia mara mia kwa siku. Mihuri yote ya nchi huhifadhiwa katika jumba kubwa waliloliita Ghala la Nyakati, na chochote kilichotiwa muhuri kinaweza kurudishwa kilivyokuwa jana, juzi au mwaka juzi. Jirani yake Bi Mize ukuta wake ulianguka Jumatatu asubuhi. Hakustuka. Akabonyeza, ukuta ukarudi ulivyokuwa Jumapili. Jumanne ukaanguka tena, kwa sababu Jumapili ndiyo siku aliyokosea vipimo. Nilimkuta akibonyeza kwa mara ya tano na nikamshauri apime upya. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeangukiwa.

Ukuta hurudi peke yake. Mtu, hapana. Mtu harudi ila nchi nzima irudi, na ikirudi kila mmoja husahau yaliyokuwa baada ya muhuri ule. Aliyekufa baada yake huwa hai. Aliyezaliwa baada yake huwa hakuzaliwa. Uamuzi wa namna hiyo ni wa Baraza peke yake, na niliambiwa umefanyika mara nne. Au mara tano. Unaona mwenyewe kwa nini hakuna mwenye hakika.

Sheria nyingine inataka kila muhuri uwe na maelezo, ili vizazi vijavyo vijue nini kilifanywa na kwa sababu gani. Sheria nzuri, nikasema, na nikaomba ruhusa ya kuyasoma maelezo hayo Ghalani. Nilisoma alasiri nzima. "Marekebisho." "Marekebisho madogo." "Marekebisho ya mwisho." "Marekebisho ya mwisho kabisa." "Nimechoka." "Sasa ndiyo yenyewe." "Marekebisho." Mtunza Ghala alinieleza kwa fahari kwamba hakuna muhuri hata mmoja uliokosa maelezo.

Kinachosomwa ni Kitabu cha Lawama. Humo, kila mstari uliowahi kuandikwa nchini, wa ukuta, wa daraja, hata wa kibao cha njia, una jina la mtu wa mwisho kuugusa. Haulizwi aliyejenga daraja, anaulizwa aliyebadilisha msumari mmoja. Kwa hiyo watu wa Marejeo wana ujasiri mkubwa wa kuharibu vipya na woga mkubwa wa kutengeneza vya zamani. Njia panda ya sokoni kuna kibao kinachowaelekeza watu wote shimoni, na wote wanalijua shimo hilo, na wote wanalizunguka, lakini kibao hakuna anayekigusa.

Nilikuwa nikicheka, nakiri. Kila jioni niliandika vituko vyao nikicheka peke yangu chumbani.

Jambo moja halikunichekesha, nalo ni rangi. Kila kilichoandikishwa Marejeo kina ukingo mwembamba wa kijani, kuanzia sufuria mpaka mtu. Kisichoandikishwa ni kijivu, na mimi nilipoingia nilikuwa kijivu kutoka utosini hadi kwenye kucha. Wageni huvumiliwa. Lakini baada ya kila urudishaji mkubwa hupita Wafagiaji, mtaa kwa mtaa, na chochote cha kijivu wanachokikuta hukifagia. Nilimuuliza Bi Mize wanakipeleka wapi. 

"Hawakipeleki popote, Bwana Faki," akasema.

Bi Mize alikuwa mjane. Mumewe, Khatibu, alianguka kutoka kwenye paa la soko akafa, mkewe akiwa na mimba ya miezi mitatu. Mtoto alikuwa na siku arobaini nilipofika, wa kike, jina lake Mashavu, na ukimwona huulizi kwa nini. Desturi inataka mtoto mchanga atiwe muhuri kila wiki, ili anavyokua pasipotee kitu. Bi Mize hakuwa amemtia hata mmoja. "Nitamtia nikipata nafasi," alisema, huku anabembeleza, anakoroga uji na kuandika mfereji, vyote kwa pamoja.

Siku yangu ya tatu pale, nilikuwa nimekaa karibu na meza yake nakunywa kahawa. Viatu nimevivua. Mashavu yuko mapajani kwa mama yake, na mama yake yuko katikati ya mstari wa mlango wa bwawa. Mtoto akaamka akilia kwa nguvu. Bi Mize akamwinua kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe, kimoja kati ya vile viwili alivyovijua.

"Umebonyeza nini?"

"Vyote. Kinatia muhuri kila kilichomo chumbani. Ukianza kuchagua kimoja kimoja utazeeka."

Nikatazama mikono yangu. Kucha zilikuwa na ukingo wa kijani. Kikombe kilikuwa cha kijani, viatu vyangu vya kijani, na Mashavu naye kijani mwili mzima kwa mara ya kwanza. Bi Mize alipoona nilivyokodoa macho alicheka mpaka akamtikisa mtoto.

"Karibu nyumbani, Bwana Faki! Sasa wewe ni wa kwetu."

Mjinga mimi, nilifurahi. Nilihisi nimepewa heshima.

Siku tisa baadaye maji ya mtaa wa chini yakawa machungu kama shubiri. Asubuhi ilikuwa ladha tu, na kufikia saa nne watu walikuwa wanatapika barabarani. Baraza likaitwa. Nilikwenda na Bi Mize, naye alinyamaza njia nzima, jambo lililonitisha kuliko maji yenyewe.

Mwenyekiti wa Baraza aliitwa Bwana Hamduni, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Sikumwona akikasirika hata mara moja siku ile, na mpaka leo nikimkumbuka mwili unanisisimka. Kitabu cha Lawama kikaletwa na kufunguliwa. Mstari wa mlango wa bwawa: palipokuwa na tatu pameandikwa thelathini. Jina, Mize binti Ali. Maelezo ya muhuri, marekebisho madogo.

"Nilikuwa sijamaliza," akasema Bi Mize. "Mtoto alilia, nikabonyeza vyote. Naombeni nifute ile sifuri. Ni sifuri moja tu."

"Aliyelaumiwa hagusi," akasema Bwana Hamduni. "Unaijua sheria, mwanangu."

Mimi ni mtu wa mizani. Sifuri iliyozidi ndiyo kazi yangu maisha yangu yote. Nikasimama bila kuombwa.

"Wazee, samahanini. Si aifute mtu mwingine? Yeyote. Hata wewe, mwenyekiti."

"Na jina langu likae kwenye mstari uliotapisha mtaa mzima?"

"Jina la mtu aliyeutengeneza!"

"Kitabu hakiandiki kutengeneza, mgeni. Kinaandika kugusa." Akawageukia wenzake. "Yupo anayetaka kuugusa?"

Palikuwa na watu thelathini na wawili. Nilimtazama kila mmoja, nao walikuwa wanatazama chini kana kwamba wamedondosha sindano. Wakajadili kwa saa tatu nzima. Mmoja alitaka muhuri wa Bi Mize pekee utenguliwe. Akaulizwa nani atautengua, akakaa. Mwingine alipendekeza kamati, ikakosa wajumbe. Mwishoni mzee mmoja wa pembeni akasema kuna Muhuri wa Sherehe, wa mwaka mmoja na nusu uliopita, maji yalipokuwa matamu na soko halijajengwa. Nchi yote ikirudi pale, mstari hauguswi na mtu. Unarudi wenyewe, na hapaandikwi jina.

Walishusha pumzi kwa pamoja. Niliisikia pumzi ile.

"Na watoto?" Bi Mize aliuliza. "Waliozaliwa baada ya Sherehe?"

"Ni hasara ya kawaida," akasema Bwana Hamduni, na alisema kwa upole kweli. "Tumerudisha mara nne, mwanangu, au tano. Hajawahi kutokea mama akalalamika."

Urudishaji ukapangwa saa tisa alasiri siku ile ile. Nje ya ukumbi mwanamke mmoja alimkumbatia Bi Mize, akamwambia ashukuru, Khatibu wake atakuwa hai, atamkuta nyumbani anamngoja kwa chakula. Bi Mize alimsukuma yule mwanamke mpaka akayumba.

Tulirudi kwa miguu. Milango yote ya mtaa ilikuwa imefungwa mchana kweupe, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anambembeleza mtoto. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya saba. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetoka na panga. Walikuwa wanabembeleza tu. Hapo ndipo hofu ilinishika sawasawa, nikaanza kutembea mbiombio bila kujua naenda wapi. Maana mimi nami ni wa kijani, na muhuri wangu ni wa baada ya Sherehe. Nikimbie nifike kwetu, nilale kitandani mwangu, saa tisa ikigonga sipo, na mke wangu atakuta kitanda kitupu asijue nimepotelea wapi.

Ndani, Bi Mize alikaa mezani akamweka mtoto mapajani.

"Sikiliza," akasema. "Kilichoandikishwa kinarudi na nchi. Cha kijivu hakirudi, kinabaki kilivyo. Iko njia ya kumtoa mtu kwenye daftari la mihuri bila kumdhuru, ila awe na muhuri mmoja tu. Mimi ninayo mia tano, meza itanikataa. Wewe unao mmoja." Akamtazama mtoto. "Na huyu anao mmoja. Uvivu wangu, Bwana Faki. Wenzangu wote wametia kila wiki."

"Basi fanya! Unangoja nini?"

Akanionyesha vitufe viwili vilivyokaa jirani. Kila kimoja kilikuwa na kipicha cha pipa. Pipa moja lina kifuniko, jingine halina.

"Kimoja kinafuta jina daftarini, kitu kinabaki. Kingine kinafuta jina na kitu chenyewe."

"Kipi ni kipi?"

"Nimevikuta," akasema, na machozi yakamtoka.

Lo! Nilimtukana, Mungu anisamehe. Nilimwambia mtu gani anakaa na kitu kama hicho karibu na kiwiko chake miaka kumi asiulize. Ilikuwa saa nane na nusu. Kisha nikaona viatu vyangu mlangoni, vya kijani, vilivyotiwa muhuri pamoja na sisi, nikavileta mezani.

Akabonyeza pipa lenye kifuniko juu ya kiatu cha kushoto. Kiatu kikatoweka. Hakikuungua, hakikuanguka, palibaki meza. Akabonyeza pipa lisilo na kifuniko juu ya cha kulia. Kikabaki pale pale, na ukingo wake ukawa kijivu.

"Ni hicho," nikasema. "Nianze mimi."

Nilisema hivyo kwa sababu niliona haya kusema aanze mtoto. Sitaki mtu anifikirie shujaa. Kiatu si mtu. Nilifumba macho nikashika ukingo wa meza. Nikasikia kitufe, nikaendelea kusikia, nikafumbua. Mikono yangu ilikuwa kijivu. Nilicheka kwa sauti, nikaona aibu, nikanyamaza.

Kwa Mashavu alichukua muda. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakiteremki. Mtoto alikuwa anamtazama usoni, ananyonya ngumi. Nikamwambia saa, akaniambia nisimwambie saa. Hatimaye akabonyeza akiwa amegeuza uso, na hakugeuka mpaka nilipomwambia yupo, Bi Mize, yupo, tazama.

Alikuwa kijivu, na alikuwa anapiga chafya.

Akamnyonyesha kwa mara ya mwisho. Akaniambia mambo upesi upesi: anapenda kulalia upande wa kulia, maziwa ya mbuzi yachanganywe na maji, asifunikwe kichwa. Mpaka uko hatua mia tatu nyuma ya nyumba, na Wafagiaji huanzia mtaa wa juu.

"Nitakuwa hapa hapa ikigonga," akasema. "Usije ukaniambia. Kumwambia mtu kilichofutwa na urudishaji ni kosa, watakufagia wewe na mtoto papo hapo. Na mimi sitakuamini, hata ukiapa. Nitaona mwendawazimu ameniingilia nyumbani, nitapiga yowe, watakuja."

"Sitasema."

"Apa."

Nikaapa. Akanipa mtoto, mikono yake ikachelewa kuachia. Nilikuwa sijafika mlangoni kengele ya Ghala ilipolia.

Sikuhisi kitu. Ukuta wa chumba ulikuwa mweupe, ukawa wa manjano. Sufuria ya uji haikuwepo, nepi zilizoanikwa hazikuwepo. Bi Mize alikuwa kwenye meza, mwembamba zaidi, nywele zimesukwa vingine, kalamu mkononi. Aliinua kichwa akastuka.

"Yallah! Umeingia lini, baba?"

"Samahani," nikasema. "Nimepotea njia."

Mtoto akaanza kulia. Alinyoosha shingo na mwili wote kuelekea kwake, anavyofanya siku zote akimwona. Bi Mize akasimama, akaja karibu, akamgusa shavu kwa kidole. Kutoka chumba cha ndani mwanamume akakohoa.

"Mize, nani analia huko?"

"Kuna mgeni, Khatibu. Ana mtoto." Akanigeukia. "Maskini, ana njaa huyu. Mama yake yuko wapi?"

Kutoka mtaa wa juu nilisikia mafagio. Yanakwenda polepole, kwa pamoja, na hayanyanyui vumbi.

"Amebaki," nikasema. "Hakuwa na njia."

Niliuvuka ule mpaka wao kabla hayajafika, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na Mashavu alipata maziwa kwa watu wa kwanza tuliowakuta. Ni mzima, anakua. Lakini nilipokuwa natoka Bi Mize alinifuata hadi kizingitini, ananitazama tangu juu hadi chini, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Mama gani huyo," akasema. "Ningekuwa mimi, mwanangu nisingemwachia mtu."